Chumba cha Sara

Kazi yangu haina shukrani. Nikifika mahali, ama nimeleta kelele, ama nimeitwa kuzinyamazisha. Mimi ni fundi wa ving'ora vya moto, kampuni yetu iko Kitale, na hakuna kitu kinachonipandisha hasira kama mteja anayenipigia simu na kuniambia, "Wakonyo, hii mashine yenu inaota." Mashine haioti. Husema ilichoambiwa, basi. Nimewajibu wateja hivyo miaka mingi, tena kwa sauti ya juu, na ilichukua kazi moja ya Bungoma kunifanya niyasikilize maneno yangu mwenyewe.

Yalikuwa makao ya wazee, ya kanisa, nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Myanga. Nyumba moja ndefu ya matofali: vyumba vya wazee kushoto na kulia kwa korido, ofisi mbele, jiko la nje huko nyuma. Mwenzangu Makokha, mwenyeji wa huko huko Bungoma, ndiye aliyefunga mitambo pale mwanzoni mwa mwaka. Alipachika detekta ya moshi kwenye dari ya kila chumba, na paneli yenyewe, lile sanduku jekundu, ukutani pale ofisini. Kwa asiyejua, paneli ndiyo kichwa cha kila kitu. Kila detekta ina namba yake, na fundi anapofunga huichapia jina la chumba ilimo, ili moshi ukitokea kioo kidogo cha paneli kiseme mara moja moto uko wapi. Jina hilo ndilo watu hukimbilia.

Sasa paneli hii ilikuwa na neno moja tu. Ililia, ikanyamazishwa, baada ya siku mbili tatu ikalia tena, karibu kila mara alasiri, wazee wakijiandaa kwenda kusali. Na kila ikilia kioo kiliandika yale yale: MOTO - CHUMBA CHA SARA.

Sara alikuwa mmoja tu pale. Sara Nabifwo, mjane wa Malakisi, hakujaliwa mtoto, magoti yamekwisha lakini mdomo uko sawa. Ujana wake aliumalizia kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku, akilinda moto usizidi wala usipungue, na banda lake halikuungua hata mara moja. Mwanamke wa namna hiyo kuambiwa ndiye anayewasha moto ovyo chumbani ni matusi. Na mimi niliyatia matusi hayo muhuri.

Kwa maana mara ya kwanza kuitwa nilienda moja kwa moja chumbani kwake. Paneli ilishasema, mimi ni nani nibishe? Nikateremsha detekta, nikaipuliza vumbi, nikatafuta wadudu, maana mdudu mdogo akiingia mle ndani detekta hudhani ni moshi. Nikapima waya. Mwishowe nikaona heri nimalize maneno, nikaweka detekta mpya kabisa, nikaipulizia moshi wa kopo, ule wetu wa majaribio. Ofisini, mbele ya paneli, nilikuwa nimemsimamisha Wabwile, mtunza nyumba. Nikamuuliza kwa simu, "Imelia?" Akajibu, "Imeria!" Sikumuuliza kioo kimeandika nini. Nani huuliza njia ya kwenda kwao? Nikamwambia Madam Edinah, msimamizi wa makao, kwamba sasa kila kitu ni kipya, na paneli ikilia tena ujue ni moshi wa kweli. Nikarudi Kitale nikijipongeza.

Ikalia tena wiki hiyo hiyo. Na kwa kuwa fundi alishasema mashine haina kosa, kosa likabaki kwa Sara. Lisemwalo lipo, wakasema wazee wenzake, na wale waliokuwa wakiketi naye kwenye benchi la korido wakaanza kuhamia viti vya kule mbele, karibu na mlango wa kutokea.

Mara ya pili niliitwa kwa heshima tu, nije niandike kwamba mitambo ni mizima kabla ya watu wa ukaguzi kupita. Nilifika asubuhi, kupitia Kiminini na Kamukuywa, tope hadi kwenye vioo vya gari. Wabwile alinifungulia geti.

"Niaje, Madam Wakonyo. Umeretea sisi baraka ama kerere?"

"Kelele mnayo ya kutosha, Wabwile."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Si unajua reo ndiyo ile siku. Kukhu Sara anaenda. Mtoto wa ndugu yake anakuja kumchukua saa sita."

Sikuwa najua. Nilisimama pale na mkoba wangu wa vyombo. Nikaenda ofisini kwa Edinah, nimekunja uso tayari kwa vita.

Edinah hakuwa mtu wa kupigana naye. Alikuwa ameketi chini ya paneli, macho mekundu. "Usinitazame hivyo, Wakonyo. Huyu mama nampenda. Lakini hapa niko na wazee hawawezi kutoka kitandani bila kubebwa. Kukiwaka kweli, nitabeba nani, niache nani? Niambie. Tumepekua chumba chake, hatujaona kitu. Nimemuomba anieleze, na juzi kwa maombi akasimama mbele ya watu wote akasema ni yeye."

"Alisema ni yeye?"

"Alisema ni yeye. Akaomba msamaha. Sasa mimi nifanye nini?"

Nilimkuta Sara ameketi mlangoni pa chumba chake, begi limefungwa miguuni, leso mpya kichwani. Nikamsalimia kwa mikono miwili. Kwetu Saboti nyanya, huyo Kukhu wao, tunamwita shosho, na hapo nilimwita hivyo.

"Shosho, ati unatuacha?"

"Naenda, mukhana, binti yangu. Kwa Mukhisa, mtoto wa ndugu yangu. Ni mtoto mzuri. Ila yeye na bibi yake ni watu wa soko, wanatoka asubuhi, wanarudi giza. Nitakuwa nashinda na kuku." Akatabasamu, halafu tabasamu likamtoka. "Nimewachosha hapa. Watu hawalali kwa sababu yangu."

"Shosho, kweli ni wewe?"

Hakukasirika. Alifikiria jibu, kama mtu anayetaka kuwa mwaminifu. "Kama ingekuwa ni mtu amenisema, ningebisha. Mtu anaweza kukusingizia, ako na chuki yake. Lakini ile mashine hainijui. Itanichukia kwa nini? Sasa nikaona ni kichwa changu kinaniacha. Na nimeanza kukumbuka, unajua. Nakumbuka nikiwasha kiberiti, hapo karibu na dirisha. Wametafuta hicho kiberiti hawajakiona. Hata mimi nimetafuta. Sijui huwa nakificha wapi."

Sijui kwenu, lakini kwetu sisi mtu mzima akisema hivyo, unatazama pembeni. Nilitazama pembeni. Nilitaka sana kuwa na hasira na mtu na sikumpata wa kumkasirikia, kwa hiyo nikaenda kufanya kazi. Nikaamua sitaandika lolote mpaka nipime makao yote, detekta moja baada ya nyingine, hata ile ya stoo ya mihogo. Kama huyu mama anaenda, aende baada ya mimi kutoka jasho.

Wazee wakatolewa nje kwenye nyasi, kwenye jua, ili moshi wa majaribio usiwakohoze. Ving'ora nikavifunga sauti. Wabwile akasimama mbele ya paneli, simu sikioni, na mara hii nikampa kazi mbili: aniambie imelia, na anisomee kioo kimeandika nini.

Lazima niseme jambo kuhusu Wabwile na kuhusu masikio yangu. Watu wa Bungoma wengi, l na r kwao ni mapacha, huwezi kujua leo atakuja yupi. Wabwile yeye l aliiacha kwao siku nyingi. Kwake lori ni rori na kulala ni kurara. Mimi sina haki ya kumcheka: mama yangu mzazi, Mkikuyu wa Saboti, huniambia niende nirete sufuria. Nimekulia humo. Mtu akiniambia "rara," sikio langu linaandika "lala" kabla sijaliomba. Tunaishi hivyo huku kwetu, kila mtu anamsahihisha mwenzake kimyakimya na hakuna anayeona haya.

Nikaanza. Ofisi. Nikainua kopo kwa ule mti wake mrefu hadi kwenye dari, moshi ukaingia.

"Imeria. Inasema ofisi."

Nikaweka alama. Chumba cha chakula.

"Imeria. Chumba cha kuria chakura."

Sawa. Stoo. Sawa. Mwisho wa korido, upande wa nyuma, kulikuwa na chumba cha sala, mabenchi machache na msalaba wa mbao, na mlangoni mtu alikuwa amepaka kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, SALA. Nikapuliza moshi.

"Imeria. Chumba cha sara."

Sawa. Nikaweka alama, nikaendelea. Naam, niliendelea. Jibu lilipita sikioni mwangu limevaa viatu, nami nikalifungulia mlango litoke.

Nikaingia vyumba vya wazee. Chumba cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Kimoja detekta yake ilikuwa nzito kidogo kusikia, nikaifuta, ikapona. Nikafika kwa Sara. Kitanda kimeshatolewa shuka. Juu ya dari ilikuwa ile detekta mpya niliyoiweka mwenyewe, nyeupe kuliko zote. Nikainua kopo.

"Imeria," akasema Wabwile. "Chumba kumi na moja."

"Rudia."

"Chumba kumi na moja, madam. Si ndiyo namba iko kwa mrango?"

Nikatoka, nikatazama mlango. Kumi na moja. Vyumba vyote vya wazee vina namba, hakuna hata kimoja chenye jina la mtu. Kwa nini kiwe na jina la mtu? Wazee huja na huondoka, fundi hawezi kuchapa upya kila mara. Nilikuwa nimesimama pale nikiwa na moshi mkononi na akili imeganda.

"Wabwile, kioo hakisemi chumba cha Sara?"

"Ah, sara si umeshapima, madam! Urikuwa huko kwa sara saa ire, kabra ya vyumba."

Niliangusha ule mti. Nilikimbia korido nzima, na mimi si mtu wa kukimbia, nikapita mlango ulioandikwa SALA, nikafika ofisini, nikamsukuma Wabwile pembeni. Nikafungua orodha ya majina ndani ya paneli. Ofisi. Chumba cha chakula. Stoo. Halafu hilo, kwa herufi za Makokha: CHUMBA CHA SARA. Chini yake, Chumba 1, Chumba 2, na kuendelea. Chumba cha sala hakikuwemo popote.

Nikampigia Makokha palepale. Alikuwa Kitale, nilisikia magari.

"Makokha, pale Bungoma kwa wazee, chumba cha nyuma kile chenye mabenchi, ulikiandika nini?"

"Ire ya maombi? Si niriandika chumba cha sara."

"Nitajie herufi."

"S, A, R, A. Sara. Kama vire watu wanasari. Niriuriza mzee wa hapo akaniambia ni ya sara. Kwani kuna shida gani, bana?"

Nilikata simu kwa sababu nilikuwa nacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, kimechanganyika na kilio. Mzee wa hapo alikuwa Wabwile. Mtu wa Bungoma alimuuliza mtu wa Bungoma, wakaelewana vizuri kabisa, na hakuna aliyekosea. Paneli ndiyo mgeni pekee pale. Haijui kwamba Makokha akiandika Sara anamaanisha sala. Watu wengine wote waliposoma kioo, hata Wabwile kabla ya siku hiyo, walisoma jina la bibi mmoja mwenye magoti mabovu. Kama mtu angeinua macho paneli ikilia, angeona ile taa nyekundu ya detekta inawaka kwenye chumba cha sala. Lakini nani atatazama dari, ilhali kuna mtu wa kumtazama?

Edinah alikuja mbio kuona nimepatwa na nini. Nikamwonyesha. Alisoma, akasoma tena, midomo ikitembea.

"Lakini ililia," akasema. "Hata kama ni jina, Wakonyo, ililia. Moshi ulitoka wapi?"

Swali la haki. Tukaenda chumba cha sala sote watatu. Kilikuwa kimefungwa madirisha, hewa nzito ya watu na vitabu vya zamani.

"Hiki chumba hufunguliwa madirisha lini?"

"Alasiri tu, kabla ya maombi," akasema Edinah. "Mimi mwenyewe hufungua, kipate hewa, wazee wasisinzie. Kukiwa na mvua huwa naacha."

Nikafungua dirisha. Hatua chache tu kutoka hapo lilikuwa jiko la nje, na mpishi alikuwa amepiga magoti akipuliza kuni za chai. Kuni mbichi, mvua ilizinyeshea. Tulisimama tukautazama moshi ukipanda, ukasitasita kama mgeni asiyejua nyumba, kisha upepo wa mlimani ukausukuma ndani juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa nimesahau kwamba ving'ora nilivifunga sauti. Kwa hiyo tulirudi ofisini kwa miguu, taratibu, na pale kwenye sanduku jekundu taa ilikuwa inawaka na kioo kimeandika: MOTO - CHUMBA CHA SARA.

Dirishani, nje kwenye nyasi, Sara alikuwa ameketi mbele ya macho yetu kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, leso mpya kichwani, peke yake.

Edinah aliweka mkono mdomoni. Kisha alisema kitu cha Kibukusu ambacho sikukielewa, akatoka nje, akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya yule bibi, na sketi yake ya ofisi.

Tulimweleza sote kwa pamoja, vibaya. Edinah analia, mimi naonyesha kwa vidole, Wabwile anarudia, "Ni mimi na huyo Makokha, Kukhu, ni urimi wetu, sisi ndio wajinga," na wazee wengine wanasogeza viti vyao karibu wasikie. Mmoja wao, aliyehama benchi kwa sababu yake, alianza kusema alijua tangu zamani. Nilimkata jicho, akanyamaza.

Sara alisubiri tumalize.

"Kwa hivyo sikuwasha?"

"Hukuwasha, Shosho."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Nilidhani atacheka. Nilidhani atatutukana, na nilikuwa tayari kutukanwa, ningefurahi hata. Lakini uso wake ulizidi kuingiwa na hofu, na ndipo nilipoogopa mimi pia.

"Lakini nakumbuka," akasema. "Mukhana, nakumbuka. Nilisikia hata harufu ya kiberiti. Sasa kama sikuwasha, hicho kitu nakumbuka kilitoka wapi?"

Ukibonyeza kitufe kimoja tu, paneli husahau kila kitu na kuanza upya. Huyu mama tulimwambia jambo moja mara nyingi sana, watu anaowaamini, kwa upole, tukimshika mkono, hadi akalitengenezea kumbukumbu ili asitubishie. Nilijisikia mchafu. Bado najisikia hivyo nikipita Kiminini nikielekea huko.

Wakati huohuo gari liliingia getini, Probox nyeupe yenye magunia ya vitunguu nyuma. Mukhisa alishuka, mtu wa makamo, mnene kiasi, kofia mkononi kwa heshima. Alikuta watu wamezunguka kiti na msimamizi ana nyasi magotini. Tukamweleza, na safari hii tulieleza vizuri kidogo. Alishukuru. Alitikisa kichwa juu ya hizo herufi, akasema Wabukusu tutakuja kuuawa na ndimi zetu. Kisha alimwinamia shangazi yake.

"Senge, nimefurahi. Lakini si twende tu? Umesema mwenyewe unakumbuka kitu haikutendeka. Kama kichwa kimeanza hivyo, ni vizuri ukiwa karibu na mimi. Nyumba nimeshasafisha."

Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana iliuma. Edinah akabaki akijipangusa nyasi magotini, kwa sababu nani alikuwa na uso wa kusema sasa? Nilimwona Sara akilitazama lile begi miguuni. Kama angesema sawa, ningemzuia kwa neno gani?

Badala yake alinyoosha mgongo kwenye kile kiti.

"Mukhisa. Kaa chini."

Mukhisa akatafuta kiti, hakukuwa na kiti, akakaa kwenye nyasi.

"Sisi tulizaliwa nyumba moja, mimi na baba yako. Nitakutajia sisi wote, kutoka wa kwanza. Nimeogopa kuwataja tangu hii maneno ianze. Nilisema nikikosa mmoja, basi nimekwisha. Sasa sikiliza."

Alifunga macho. Hakuna aliyesogea, hata mpishi, aliyekuwa amekuja na mwiko wake.

"Khaemba. Huyo ndiye mkubwa. Akafuata Nabalayo, aliyeolewa Sirisia. Halafu mimi. Nyuma yangu Wepukhulu." Alikuwa anahesabu kwa vidole, polepole, anagusa kila kidole kabla ya kukiacha. "Nyuma ya Wepukhulu, Nasambu. Halafu Sitati, baba yako. Ndiye alifunga mlango."

Akafungua macho akamtazama.

Mukhisa alikuwa amekunja uso. Niliona anahesabu naye, nikaona amefika mahali pamegoma. Nilimwomba Mungu asiseme, lakini alikuwa mtu mkweli.

"Senge, nyuma ya Wepukhulu ni baba. Hakuna Nasambu. Baba hakuwahi kutaja mtu anaitwa hivyo. Hata kaburi yake haiko pale nyumbani."

Edinah alinishika mkono. Wabwile alitazama viatu vyake. Nilijua sote tulikuwa tunafikiria kitu kimoja, na nilituchukia.

Sauti ya Sara ilipungua tu. "Alikufa kwa surua, hajaanza kutembea. Baba yako alikuwa hajazaliwa. Mama alikataza asitajwe, maana kila akitajwa alikuwa haendi shamba siku mbili. Kaburi iko, chini ya ule mti wa mnyonyo, hawakuweka jiwe. Mimi ndiye nilikuwa nambeba. Watu wengine wote waliomjua wamekufa, Mukhisa. Nimebaki mimi."

Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Hakukuwa na kioo cha kusoma. Kulikuwa na yeye tu, anasema alimbeba mtoto mgongoni, na sisi ambao tulikuwa tumeamini sanduku.

Mukhisa akavua kofia ambayo alikuwa ameivaa tena bila kujua.

"Basi ni mimi sikujua, Senge," akasema. "Nitajie tena, kutoka wa kwanza. Niyashike majina."